Sikusaidiwa, Sikumsaidia Mtu

Picha yenyewe ilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Brenna Hruska alionekana kwa nyuma, nywele kazibana kwa penseli, kainamia meza ya jikoni, na mwanga wa dirishani umemwangukia begani. Juu ya bega hilo zilionekana karatasi zake, na pembeni ya karatasi kikombe cha kahawa iliyopoa na andazi la mdalasini alilolimega mara moja akalisahau. Mama yake, Denise, alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini. Alisimama mlangoni na koti lake, akamtazama bintiye mpaka machozi yakamlengalenga, akatoa simu akampiga picha. Chini ya picha akaandika: "Mwanangu na fizikia yake. Mimi hata mashine mpya ya kufulia bado inanishinda." Akaituma kwenye ukurasa wake, ambako ndugu, majirani na nusu ya kanisa wangeiona, kisha akaenda zake kuvua viatu.

Brenna hakusikia kitu. Alikuwa katikati ya mtihani.

Katika Chuo cha Whitcomb mitihani haina msimamizi, na watu wa pale hujivunia jambo hilo kuliko wanavyojivunia mnara wao wa kengele. Profesa anakupa bahasha iliyofungwa. Unakwenda nayo unakotaka, unaifungua siku unayotaka ndani ya wiki ile, unaweka vitabu mbali, unajitazamia saa mwenyewe, na ukimaliza unaandika kwa mkono wako: Sikusaidiwa, sikumsaidia mtu. Unatia sahihi, basi. Na kwa kuwa kila mmoja anaufanya kwa wakati wake, kuna sharti ambalo hata wa mwaka wa kwanza huliota usingizini: mpaka wiki iishe, kuhusu mtihani hufungui mdomo. Usiseme ulikuwa mgumu, usiseme ulikuwa rahisi, hata uso usiukunje. Ukijua kwamba siri imevuja, useme siku hiyohiyo.

Darasa la mekanika, fizikia ya nguvu na mwendo, la mwaka wa tatu lilikuwa na wanafunzi wanne. Whitcomb ni chuo cha kusoma kila kitu kidogo kidogo, falsafa asubuhi, uchoraji mchana, na wengi wakishaionja fizikia hukumbuka ghafla kwamba tangu utotoni walipenda historia. Brenna hakukumbuka hivyo. Aling'ang'ana. Alipita kila somo kwa kukwaruza, akalala akiwa na mahesabu kichwani akaamka nayo, na kwa miaka mitatu hakuwahi kutoka kwenye mtihani bila kuhisi kwamba ameomba msamaha kwa maandishi. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi.

Tena kulikuwa na lile jambo jingine. Denise alikuwa mkaanga mayai katika bwalo la chuo, na watoto wa wafanyakazi husoma pale bila ada. Kila mtu alilijua hilo na hakuna aliyelitaja. Brenna alichoshwa na kutotajwa kwake kuliko ambavyo angechoshwa na kutajwa.

Lakini siku ile, swali la mwisho lilikuwa na mchoro wa kigurudumu cha uzi, kile cha mbao cha kuzungushia uzi wa cherehani, kimelazwa mezani, na uzi umetokea chini yake. Ukiuvuta uzi, kigurudumu kitakwenda upande gani? Na ukiuinua mkono kidogo kidogo unapovuta, je? Brenna alikaa mbele ya mchoro ule akiwa hana la kuandika. Kisha akaacha kutafuta kanuni ya kuibandika, akakitazama kigurudumu chenyewe, pale kinapogusa meza, na jibu likafunguka lote kwa pamoja. Aliandika bila kufuta. Hajawahi kuandika bila kufuta. Aliandika ile ahadi, akatia sahihi kwa furaha, na hakumwambia mtu, maana hairuhusiwi. Akavaa koti, akaipeleka bahasha chuoni kwa miguu katikati ya upepo wa Novemba.

*

Jioni walikula viazi na nyama ya kuoka. Baba yake, Dale, anayeendesha lori la mbegu, alikuwa ameegemeza simu kwenye chupa ya maziwa, akisoma kwa jicho moja.

"Mama yako leo kapata mioyo mingi kuliko mchungaji," alisema.

"Mioyo gani?"

"Ya picha yako. Hii hapa. Umetoka vizuri, isipokuwa hiyo penseli kichwani."

Brenna aliichukua simu. Aliitazama picha, akaikuza kwa vidole viwili, akaikuza tena. Maandishi yalisomeka. Swali la tatu lilisomeka lote, na la nne, la kigurudumu, lilionekana na mchoro wake na mistari yake mitatu ya mwanzo.

"Mama, futa."

"Nifute nini? Hata shangazi Marlys kasema unafanana na bibi."

"Futa, mama. Sasa hivi."

Denise aliusikia mlio wa sauti ile, akafuta bila kuuliza tena. Aliuliza baada ya kufuta. Brenna alimweleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa mama yake ulivyozidi kunywea.

"Lakini nani anayajua hayo maandishi?" Denise alisema. "Watu wa kanisani? Mimi mwenyewe nimeona kijigurudumu tu, nikasema labda mnajifunza kushona."

"Oskar wa darasani kwetu ameweka moyo."

"Yule mrefu wa Minnesota? Kijana mzuri yule. Aliniomba urafiki siku ya wazazi, nilipomwongezea andazi."

"Oskar hajafanya mtihani, mama."

Dale aliweka uma chini. "Si umwambie profesa tu? Hujaua mtu."

"Nikimwambia analipeleka kwenye Baraza linaloamua kesi za mitihani. Baraza linaweza kunisimamisha muhula mzima. Wanaweza kunifukuza."

"Kwa picha ya mama yako?"

"Kwa mtihani wangu. Ulikuwa mkononi mwangu, baba, nikauacha uonekane."

Hakuna aliyekula. Denise alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili juu ya mapaja yake. "Basi sasa imefutika," alisema polepole. "Si imefutika?"

Hapo ndipo Brenna alipokosea, na alijua wakati uleule kwamba anakosea. Siku hiyohiyo, ndivyo sharti lilivyosema, na siku ilikuwa bado haijaisha. Nyumba ya Profesa Halloran, mwalimu wake wa mekanika, iko mitaa michache tu kutoka kwao. Angeweza kuvaa viatu. Lakini alifikiria lile swali la nne, mara yake ya kwanza ya kuandika bila kufuta, akafikiria kuinuka kwenye kile kiti, na alikuwa amechoka.

"Imefutika," alisema, akavuta sahani yake.

*

Asubuhi alikwenda bwaloni kumtafuta Oskar kabla hajafungua bahasha yake. Hakujua atamwambia nini. Alimkuta kwenye foleni ya mayai, kichwa juu ya watu wote, lakini kabla hajamfikia aliona kitu kilichomsimamisha na trei yake mkononi.

Mbele ya jiko la mama yake alisimama Profesa Halloran, na sahani tupu. Denise alikuwa anaongea. Aliongea huku anajipangusa mikono kwenye aproni, anajipangusa tena, kana kwamba mikono ile haikauki. Maneno hayakufika alipokuwa Brenna. Kilichofika ni harufu. Kimanda kilikuwa kinaungua, moshi unapanda, na Denise, ambaye watoto wa chuo kizima wanajua hajawahi kuunguza yai, hakukitazama. Profesa aliinua mkono akazima jiko yeye mwenyewe. Kisha akaiweka ile sahani tupu pale kaunta akaondoka bila kula.

Denise alimwona bintiye, akamwita kwa kichwa, uso umemtulia kama mtu aliyetua mzigo.

"Nimemaliza," alimnong'oneza. "Nimemwambia ni mimi. Nimesema wewe hujui kitu."

"Mama."

"Nimesema hujaiona hata hiyo picha. Kwamba ndiyo kwanza nakuja kukwambia leo. Kwa hiyo umetoka, mwanangu. Wewe kaa kimya tu."

Brenna alitaka kukaa chini pale pale sakafuni. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

Nyuma yao foleni ilianza kuguna. Msichana mmoja aliuliza kama jiko limeharibika. Denise aligeuka, akakwangua kile kilichoungua akakitupa, akavunja yai jipya kwa mkono mmoja. "Nani anafuata? Wewe uyoga, bila jibini. Njoo, mama, usipoe."

Oskar alimfuata Brenna mpaka mlangoni na kipande cha mkate mdomoni. "Nimesikia," alisema. "Mimi sikuisoma ile picha, naapa. Naweka moyo kwenye kila kitu cha mama yako. Hata ile ya paka kwenye sinki."

"Uliiona, lakini."

"Niliona mgongo wako." Alitafuna, akameza. "Ningefanya mtihani nikatia sahihi, na nisingekuwa nimedanganya. Sasa baada ya kumsikia mama yako, sijui tena. Kila nikifumba macho naona kigurudumu."

*

Ofisi ya Profesa Halloran iko orofa ya juu ya jengo kongwe, na joto halipandi huko. Alikuwa amevaa kofia ya sufu mezani. Mbele yake bahasha ya Brenna ilikuwa wazi.

"Nilikuwa nimeshaisoma jana," alisema. "Lile la nne nimelisoma mara mbili. Mimi huwa nalifundisha kwa kurasa mbili nzima. Wewe umelimaliza kwa nusu ukurasa."

Brenna alikuwa amesubiri miaka mitatu kuambiwa maneno kama hayo. Yalimpita bila kumgusa.

"Siwezi kulikalia hili, Brenna. Mimi nami nilitia sahihi zamani, nilipokuwa na umri wako, humuhumu."

"Najua."

"Nitawatungia wenzako mtihani mwingine. Suala lako linakwenda Barazani." Brenna alifungua mdomo, na profesa akainua kiganja. "Usiniambie ulijua lini. Tafadhali. Watakuuliza wenyewe, na mimi nisingependa kuwa nimeshajua."

Njiani kurudi nyumbani Brenna aliyageuza maneno hayo. Aliona kwamba profesa alikuwa anajua tayari.

*

Baraza ni la wanafunzi watupu, watano. Hukaa kwenye chumba chenye picha za wakuu wa chuo waliokufa, meza ndefu, viti vya ngozi. Denise aliomba ruhusa kazini akaja amevaa gauni la kanisani, la buluu, na lipstiki. Alipofungua mlango, msichana mmoja wa Baraza aliinua macho, akatabasamu kwa upole wa kweli, akasema, "Ah, Bi Denise, asante. Kahawa unaweza kuiweka pale pembeni."

Denise hakuwa na kahawa. Alikuwa na mkoba wake tu, ameukumbatia kifuani. "Mimi ndiye mliyemwita," alisema.

Msichana aliiva uso mzima. Aliomba radhi mara nyingi kupita kiasi, mpaka Denise ikabidi ambembeleze yeye. Brenna aliyaona yote hayo kutoka kwenye kiti chake, akatamani jengo lishike moto.

Mwenyekiti alikuwa Preston Vandermeer, wa mwaka wa nne, kijana mwenye adabu na shati lililopigwa pasi. Denise alimjua. Ute mtupu na uyoga, bila kiini, na kitunguu asikione. Wote watano aliwajua kwa mayai yao.

"Bi Denise," Preston alianza, kwa sauti ile ya taratibu ambayo watu huwatolea wagonjwa, "unaifahamu Kanuni yetu ya Uaminifu?"

"Nimeanza kazi hapa wewe uko chekechea, baba. Naifahamu. Msidanganye."

Mmoja akacheka, akajizuia. Preston aliandika kitu. "Ulijua kwamba binti yako anafanya mtihani?"

"Sikujua. Kwetu huwa anaandika tu. Kila siku anaandika. Nilimwona mzuri nikapiga."

"Na yeye aliiona picha lini?"

Denise alikaa wima. "Asubuhi yake. Nilimwambia mwenyewe hapo bwaloni, baada ya kuongea na profesa. Kabla ya hapo alikuwa hana habari."

Alilisema vizuri. Alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Brenna alimsikia kupitia ukutani akilirudia, na kulirudia, na asubuhi ile njiani ndani ya gari hawakuongea neno, kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake anafikiria nini.

"Brenna," Preston alisema. "Ni hivyo?"

Ilikuwa rahisi mno. Angesema ndiyo, angeitikia kwa kichwa tu, na wote wangekwenda nyumbani. Mama yake alikuwa ameshatenda dhambi yote, imebaki yeye kuipokea. Lakini pale mezani kulikuwa na bahasha yake, na juu ya karatasi mwandiko wake mwenyewe: Sikusaidiwa. Miaka mitatu aliandika maneno yale chini ya mitihani mibovu, ya kukwaruza, ya aibu, na kila mara yalikuwa kweli. Kwenye kazi mbaya kile ndicho kitu pekee alichokuwa na uhakika nacho. Sasa amepata kazi nzuri, na aanze kuyageuza uongo? Aliyakazia macho yale maneno, na hakumtazama mama yake.

"Sivyo," alisema. "Niliiona siku ileile, jioni, tukiwa tunakula. Nilijua natakiwa kusema, sikusema. Mama anadanganya."

Yapo maneno laini zaidi ya hilo. Angeweza kusema amechanganya, amesahau, amepitiwa. Hayakumjia. Neno lilitoka vile lilivyo na likabaki pale katikati ya meza, na watoto watano waliokula mayai ya Denise kila asubuhi waligeuka wakamtazama Denise.

Denise alitazama mkoba wake. Akaufungua, akaufunga.

"Basi ni kama alivyosema," alijibu.

Hawakukaa sana. Brenna alipewa sifuri kwa mtihani ule, kwa kunyamaza, lakini hakusimamishwa. Preston alisema Baraza limeguswa mno na uaminifu wake, kwamba huo ndio moyo wa Whitcomb hasa. Alimpa mkono. Kisha akampa mkono Denise pia, naye akaupokea kwa heshima, akamwambia kesho hakuna uyoga.

*

Kesho yake Denise hakuwa kwenye mayai. Mkuu wa bwalo alimwita pembeni kabla ya zamu, akamwambia kwa wema kabisa kwamba pengine kwa sasa atajisikia vizuri zaidi kule nyuma, asipoonana sana na wanafunzi. Kwa muda tu. Hakuna adhabu hapo, aelewe, na masomo ya Brenna hayaguswi. Kule nyuma ndiko kwenye mashine ya vyombo, mvuke, na kidirisha chembamba ambamo trei chafu hupita. Kwa kidirisha hicho unaona mikono tu.

Foleni ya mayai iliulizia. Waliambiwa Denise amebadilishiwa kazi. Aliyeletwa badala yake aliwauliza kila siku upya wanataka nini.

Brenna alikuwa anaweka trei yake kwenye kidirisha kile na kuinama. "Mama." Na ndani kwenye mvuke sauti ilijibu, "Ee, mwanangu. Kuna baridi nje?" Lakini mikono haikusimama, maana trei zinakuja mfululizo.

Nyumbani hapakuwa na ugomvi, na afadhali ungekuwepo. Zamani, Brenna akitandaza karatasi mezani, Denise alikuwa anaburuta kiti, analeta chai, anauliza. Hiki kimdudu ni nini? Mbona herufi hii umeivisha kofia? Maswali yenyewe ya kuudhi, na Brenna alikuwa anayajibu kwa kuguna. Sasa Brenna akifungua begi tu, Denise anachukua sahani yake, anakwenda kulia chakula kwenye kochi la sebuleni, ameipa jikoni mgongo. Akihitaji kitu kwenye friji anapita ameweka kiganja kando ya uso, kama farasi aliyefungwa vizibo vya macho.

"Mama, haya ni mazoezi tu. Si mtihani."

"Sawa, mama. Wewe fanya yako."

Dale alimwambia bintiye mara moja, wakiwa wanakwangua barafu kwenye kioo cha gari, "Ulifanya vizuri. Lakini na wewe, ungemwacha yule mama akudanganyie kidogo. Si alikuwa anakupa kitu?" Brenna alikwangua mpaka vidole vikamuuma.

*

Muhula uliisha katikati ya Desemba na theluji ya kwanza. Brenna alipita mekanika kwa kukwaruza, kama kawaida yake. Alirudi nyumbani, akatupa begi mlangoni, akakaa akalaza kichwa kwenye meza ya jikoni, shavu kwenye mbao, bila hata kuvua koti. Sebuleni televisheni ilizimwa. Alisikia hatua za mama yake zikija, zikasimama kizingitini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na wenzako? Wote? Na yule mrefu?"

"Wote, mama. Hakuna mtihani popote. Dunia nzima imemaliza."

Denise aliingia hatua moja. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa sabuni ya ile mashine, na ngozi ya kidole gumba imepasuka. Brenna aliviona, na lile alilokuwa analikwepa tangu siku ile likamtoka.

"Nilikuita mwongo mbele ya watoto," alisema, shavu likiwa bado mezani.

"Nilidanganya."

"Najua, lakini—"

"Nilidanganya, ukasema nimedanganya. Hukukosea. Nimelifikiria sana kule nyuma, kule kuna muda wa kufikiri." Denise alivuta kiti, lakini hakukaa. Aliushika mgongo wa kiti. "Ila ungenitazama kwanza, Brenna. Ndiyo hilo tu. Ungenitazama kwanza, halafu ukasema."

Brenna aliinuka. Alilia, na hakujificha. Denise hakumkimbilia. Alisubiri pale nyuma ya kiti, naye macho yamejaa, mpaka bintiye alipojifuta kwa mkono wa koti. Kisha akakohoa.

"Sasa. Naruhusiwa kuuliza kitu?"

"Uliza."

"Una hakika? Hakuna Baraza?"

"Uliza, mama."

"Kile kigurudumu." Alishusha sauti, kana kwamba wakuu wa chuo waliokufa wanasikiliza. "Kile cha uzi. Tangu siku ile kinanisumbua. Naosha trei, nakiona. Ukiuvuta ule uzi, kinakuja au kinakwenda?"

Brenna alimtazama, safari hii sawasawa. "Wewe unasemaje?"

"Kinakwenda. Si uzi unafunguka? Lazima kizunguke kirudi nyuma."

"Lete bati la kushonea."

Denise alilitoa bati la biskuti juu ya kabati, akapekua, akapata kigurudumu cha zamani cha mbao, cha mama yake, chenye kingo pana, uzi mweusi umebaki kidogo tu katikati. Brenna alikilaza mezani, akageuza uzi utokee chini, akampa mama yake ncha.

"Vuta taratibu. Chini kabisa, sambamba na meza."

Denise alivuta. Kigurudumu kilimjia mkononi, kikijizungushia uzi chenyewe.

"Hee!" alisema. "Kimekuja! Nimekivuta kikaja! Nani kakisukuma?"

"Hakuna. Sasa inua mkono. Inua tena. Vuta."

Kigurudumu kikaanza kumkimbia, polepole, kikifungua uzi. Denise alicheka kwa sauti, kicheko cha kule kwenye mayai. Alijaribu juu, akajaribu chini, kikaja, kikaenda. Mkono wake mwingine, kwa mazoea, ulishuka mfukoni ukatoka na simu. Ulifika nusu ya njia ukasimama.

Alimtazama bintiye.

"Piga," Brenna alisema. "Piga, mama, inaruhusiwa."

Denise aliifikiria simu ile kwa muda. Kisha akailaza kifudifudi mbali kidogo, karibu na chupa ya maziwa.

"Aa," alisema. "Nitakumbuka tu." Akaburuta kiti, akakaa, akauvuta uzi tena.